Wanafunzi wa Mikindani na daladala za asubuhi: shauri hili lipelekwe wapi?

Mzazi wa Mikindani

Ndugu zangu, ninaomba ushauri. Binti yangu anasoma kidato cha pili katika shule ya serikali iliyoko Mtwara mjini, nasi tunaishi Mikindani, umbali wa kilomita kama 10. Juma lililopita nilimsindikiza kituoni alfajiri, kwa kuwa alikwisha kuadhibiwa mara mbili kwa kuchelewa na nilitaka kujionea mwenyewe. Kuanzia saa kumi na mbili kasoro robo hadi saa moja kasoro dakika kumi zilipita daladala tano. Mbili hazikusimama kabisa, na katika zile zilizosimama kondakta alinyoosha vidole viwili, yaani wanafunzi wawili tu, huku akina mama wenye ndoo za samaki wakipandishwa bila kuhesabiwa. Binti yangu alipofungua kiganja kunionyesha nauli, sarafu ya shilingi 200 ilikuwa imemwachia alama ya duara kwa jinsi alivyoikamata.

Ada ilifutwa tangu Januari 2016, nami ninashukuru kwa moyo wote, lakini mtoto aliyeachwa kituoni anakosa kipindi cha kwanza vilevile kama yule aliyekuwa akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Je, hili ni jambo la shule, la diwani au la LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu? Kila ninayemuuliza ananielekeza kwa mwenzake.

Dereva wa njia ya Mikindani

Mzazi mwenzangu, pole sana. Sitatetea kumwacha mtoto barabarani, kwa sababu nauli nafuu ya mwanafunzi ni agizo halali na sisi wa daladala tunalijua. Naomba tu uelewe hesabu ilivyo: kila jioni tajiri, yaani mwenye gari, anasubiri hesabu yake kamili ya siku, mafuta ninanunua mimi, na kwangu wanafunzi watatu ndio mtu mzima mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalioni. Gari ninaloendesha linalala mjini, hivyo safari yangu ya kwanza huanzia mjini, na ninapofika Mikindani watoto wamekwisha kurundikana na watu wazima wanaokwenda sokoni wako palepale. Gari mbili tu zikilala upande wa Mikindani na kuondoka saa kumi na moja na nusu, msongamano huo utapungua sana. Mimi niko tayari, ila tajiri anataka kuhakikishiwa mahali salama pa kulaza gari.

Mwalimu wa zamu

Nimesoma kwa uchungu, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa wanaosimama getini. Mwanafunzi hupangiwa shule ya kidato cha kwanza kupitia TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, kwa kutazama nafasi zilizopo, na hakuna anayetazama daladala inapita wapi. Matokeo yake ni watoto wa pembezoni kuja mjini, na wa mjini kwenda pembezoni, wote wakipishana kwenye barabara hiyohiyo saa ileile.

Kwa wasichana hatari si adhabu peke yake. Bodaboda anayembeba binti bure kwa juma zima huwa na siku yake ya kudai malipo. Nimeyaona hayo darasani kwangu, na kiti cha mtoto yule kilibaki kitupu hadi mwisho wa mwaka. Mzazi, usimwache binti yako azoee lifti hizo hata siku moja.

Shuleni tunalo daftari la wachelewaji, ambalo lina tarehe, saa na mahali mwanafunzi anapotoka. Mkuu wa shule akiridhia, idadi ya wachelewaji inaweza kutolewa bila kutaja majina ya watoto.

Mjumbe mstaafu wa kamati ya kata

Daftari hilo ndilo ushahidi wako, mwanangu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, kila kata ilihimizwa kujenga sekondari yake, na sisi tuliokaa vikaoni tuliuliza ni nani atatoa ardhi bila kudai fidia kubwa. Ardhi ya namna hiyo ilipatikana mbali na makazi. Hakuna aliyeuliza mtoto atafikaje, nami nilikuwamo, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Anzia mkutano wa mtaa. Hakikisha mtendaji ameandika hoja yako katika muhtasari, kwa sababu malalamiko ya mdomo huishia mlangoni. Kutoka hapo iende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, naye aifikishe Baraza la Madiwani la Manispaa. Leseni za njia na nauli ziko mikononi mwa LATRA, kwa hiyo baraza haliwezi kuamuru daladala ilale wapi, lakini linaweza kutenga eneo lenye taa na mlinzi kwa ajili ya gari hizo, na kuomba askari wa usalama barabarani asimame kituoni asubuhi. Diwani aliombwa kura na wazazi haohao, na hilo analikumbuka akiliona kwenye karatasi yenye sahihi arobaini kuliko akilisikia kwa mtu mmoja.

Mzazi wa Mikindani

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Leo jioni nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye amekubali kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao. Nimeanza kukusanya sahihi, na hadi sasa ninazo kumi na saba. Dereva, ninakuomba uje siku hiyo uyaseme mwenyewe hayo ya gari kulala mjini, maana yakitoka kwangu yataonekana ni ya kubahatisha. Mwalimu, kesho saa nne nitakuja shuleni kumwomba mkuu wa shule ile idadi.