Mjadala: Mtoto wa mfugaji anahama na ng'ombe, kwa nini rejesta isihame naye?

Mleta mada:
Wakuu, nafundisha shule ya msingi Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, mwaka wa tisa huu. Kila tukikaa kikao ubishi ni uleule. Wengine wanasema jengeni mabweni, watoto walale shuleni. Wengine wanasema shule itembee, mwalimu awafuate ng'ombe. Mimi naona tunabishania majengo wakati tatizo liko kwenye rejesta.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 2022, ule ukame ulioua ng'ombe kwa maelfu huku kwetu na Longido, nilikuwa na kijana wa darasa la nne, mwepesi wa hesabu kuliko wote. Agosti baba yake akahamishia mifugo ronjo, yaani kambi ya muda ya malisho ya kiangazi, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Kijana akaenda, maana kaka zake ni morani na hakukuwa na mwingine wa kuchunga ndama. Jirani na ronjo kulikuwa na shule. Akaenda mwenyewe asubuhi moja, daftari amelifunga ndani ya rubega. Akaulizwa barua ya uhamisho. Hana. Akarudishwa. Na mimi huku nikawa namwekea alama ya utoro kila siku. Upimaji wa darasa la nne ukafanyika yeye hayupo, ikabidi arudie darasa. Mwaka uliofuata hakurudi tena. Nilimwona mnadani, ameshika fimbo, akaniinamishia kichwa nimsalimu kama wafanyavyo watoto wa Kimaasai kwa wakubwa. Sikuwa na la kumwambia.

Tazameni na kalenda. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, upimaji wa darasa la nne ni Oktoba au Novemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo nyasi zimekwisha na mifugo iko mbali kuliko wakati wowote. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na michango ya lazima Januari 2016, kwa hiyo tusiseme tena kinachowazuia ni ada.

Hoja yangu: kila mwanafunzi ana namba ya PREM, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, na namba hiyo ni yake popote alipo nchini. Basi mtoto wa mfugaji aruhusiwe kuwa na shule mbili, ya masika na ya kiangazi. Akifika ronjo apokelewe kwa namba tu, afanyie mtihani hukohuko, na ruzuku yake imfuate. Karibuni, hasa wafugaji wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:
Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma vizuri, ila bweni naomba usilipunguzie uzito. Mimi ni binti wa boma, Kiteto. Nikiwa darasa la sita mahari yangu ilishaanza kuzungumzwa. Kilichonisalimisha ni geti la bweni na matroni aliyewaambia wazee waliokuja kunichukua kwamba haniachii bila ruhusa ya mwalimu mkuu. Tulilala wawili kitanda kimoja, maharage yalikuwa na wadudu, usiku nililia kwa kumkumbuka yeyo, mama yangu. Hata hivyo nilimaliza. Rejesta yako inayohama ingenipeleka ronjo, na ronjo ndiko nilikosubiriwa kuolewa.

Mchangiaji wa pili:
Salamu kutoka Samburu, Kenya. Huku Novemba 2022 wizara ilitangaza kuwa bweni zitaondolewa kuanzia darasa la kwanza hadi la tisa. Viongozi wa maeneo ya wafugaji wakapinga vikali, na baadaye ikaelezwa kuwa sehemu kama zetu zitaachiwa bweni. Kwa hivyo dada aliyetangulia namuunga mkono.

Lakini kuna jambo la tatu hamjaligusa, nalo ni saa. Hapa kwetu tangu miaka ya 1990 kuna masomo ya lchekuti, yaani ya wachungaji. Mtoto anachunga mchana, na mbuzi wakishaingia zizini ndipo anakuja darasani, jioni, kwa mwanga wa taa. Shida yetu kubwa ni walimu. Anayetoka mbali hajui lugha, maji hakuna, anamaliza muhula mmoja na kuomba uhamisho. Mfunzeni kijana wa boma awe mwalimu, huyo hataondoka.

Mchangiaji wa tatu:
Mnawabembeleza sana. Wapunguze mifugo, watulie sehemu moja kama wakulima, shule watazikuta zinawangoja.

Mleta mada:
Nianze na huyu wa mwisho. Ndugu, mvua ya huku inanyesha kwa mabaka. Bonde hili linapata, lile la jirani linakosa, na mwaka ujao inageuka. Mwenye ng'ombe ishirini anahama sawasawa na mwenye mia mbili, kwa sababu asipohama wanakufa wote. Ukingoja watulie ndipo wasome, unakipoteza kizazi kizima ukiwa unangoja.

Ndugu wa Samburu, la saa nimelipokea. Sikuwa nimelifikiria, na kwa layoni wetu, wavulana ambao bado hawajawa morani, naona linawezekana kabisa.

Dada wa Kiteto, umenirekebisha. Kwa wasichana kuanzia darasa la tano bweni libaki, liongezwe vitanda na chakula cha kueleweka. Ila nawe nitazame upande huu. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kinga hiyo anaipata binti aliye mwanafunzi. Yule asiye na nafasi bwenini, aliyeenda ronjo na jina lake likafutwa, mahakamani tutamthibitisha vipi kuwa ni mwanafunzi? Kwake yeye, jina kubaki kwenye rejesta ndilo geti lake.

Agosti hii nitaandika karatasi moja yenye majina, madarasa na namba za PREM za watoto wote wanaoondoka. Mwalimu mkuu wangu amekubali kuigonga muhuri, na laigwanani, kiongozi wetu wa mila, amekubali kuibeba. Walimu wenzangu mlioko upande wa malisho ya kiangazi, nawauliza ninyi kwanza: mtoto akisimama mlangoni na karatasi hiyo, mtampa dawati?