Tupeane uzoefu: mtoto mkubwa anajichafua kwa choo na anasema hakusikia

Mleta mada
Wadau, hili wengi tunalificha. Mwanangu aliacha nepi akiwa na miaka 3, akaanza kujichafua akiwa na 6. Nilimgombeza, nikamchapa, Mungu anisamehe. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Mama, sikusikia." Nikaona ananidanganya, mpaka siku moja nikamkuta kakaa sakafuni anachora. Harufu imejaa chumba, wadogo zake wameziba pua, yeye anapaka rangi tu. Nikaishiwa nguvu.

Daktari alimbonyeza tumbo, chini upande wa kushoto, akaushika mkono wangu nami niguse. Kulikuwa na bonge gumu. Alisema choo kikikaa ndani muda mrefu, utumbo wa mwisho unatanuka, na ukishatanuka mtoto hahisi tena kwamba umejaa. Kile laini cha juu kinapenya pembeni ya bonge na kutoka chenyewe. Nami miezi yote hiyo nilikuwa nampa dawa ya kuzuia kuharisha!

Tulianza na dozi kubwa ya dawa ya kulainisha choo mpaka bonge likatoka, kisha dozi ndogo kila siku. Kila akimaliza kula anakaa chooni dakika 5 hadi 10, miguu kwenye kigoda ili magoti yapande. Nyie wenzangu mlifanyaje?

Baba wa watatu
Pole dada. Sisi tulikosea hapa: mwanetu alipopata nafuu tukaacha dawa baada ya wiki 3. Mwezi haukuisha, yakarudi yote. Safari ya pili ilituchukua zaidi ya mwaka, maana utumbo uliotanuka haurudi haraka. Siku aliyosema "Baba, nimebanwa" nilikuwa naendesha. Nilisimamisha gari kando, machozi yananitoka.

Nilikuwa huyo mtoto
Kwangu ilianza na choo kigumu kilichonichana. Nikaogopa, nikawa nabana. Mwanzoni haja inakuja, unakaza miguu, inapita. Baadaye haiji kabisa. Harufu yangu mwenyewe nilikuwa siisikii. Chupi nilificha nyuma ya godoro. Tafadhali msiwachape: mtoto anayeogopa anabana zaidi.

Mama Kipenzi
Niongeze, si wote ni choo kigumu. Binti yangu alizaliwa na kishimo chenye nywele chini ya mgongo, hatukukitilia maanani. Baadaye akawa anajikwaa, na mkojo nao unamtoka. Picha ya MRI ikaonyesha kamba ya neva (mishipa ya fahamu) iliyo ndani ya uti wa mgongo imenasa. Alifanyiwa upasuaji, miguu ikapata nguvu, ila hisia ya haja haijarudi vizuri. Sasa tunamsafisha utumbo kwa maji kwa saa maalumu, na shuleni anashinda msafi. Ukiona dalili hizo usibaki na dawa ya kulainisha peke yake. Na kama choo chake cha kwanza kilichelewa zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa, mwambie daktari. Wapo wanaozaliwa na kipande cha utumbo kisicho na neva.

Mleta mada
Asante mama, kesho naangalia mgongo wake. Wewe uliyekuwa huyo mtoto, zile chupi mama yako alizikuta?

Nilikuwa huyo mtoto
Alizikuta. Alichapa.

Mleta mada
Ungependa akwambie nini?

Nilikuwa huyo mtoto
Hata asingesema kitu. Angechota maji tukafua wote.