Tupeane uzoefu: siku uwanja ulipokutia hofu, au sheria ilipokuokoa

Fundi Mchundo (mleta mada):
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni ukaguzi wa majengo, viwanja vikiwemo. Wengi wanadhani idadi ya watazamaji kwenye cheti cha uwanja ni hesabu ya viti. Hapana. Tunahesabu nafasi zilizo salama, tunahesabu wangapi wanaweza kuingia kwa saa moja, na wangapi wanaweza kutoka kwa muda uliowekwa, kisha tunashika namba ndogo kuliko zote. Mwongozo wa Uingereza, ambao hata wakaguzi wa nchi nyingine huutumia, unataka watu wawe wametoka jukwaani ndani ya dakika 8. Kwa hiyo uwanja wa viti 10,000 wenye milango ya kutoa watu 6,000 ni uwanja wa watu 6,000. Kamwambie hivyo mwenye uwanja wiki ya fainali uone atakavyokutazama! Haya, tiririkeni.

Mama Pacha:
Mimi sitasahau. Mechi imeisha, tunashuka ngazi, mara mbele pakagoma. Nyuma watu wanazidi kushuka. Ilifika mahali miguu yangu haigusi chini, nabebwa tu, mkono mmoja nimemshika mwanangu kola ya shati. Hakuna aliyekuwa anapigana wala kukimbia, na ndicho kilichonitisha. Tulipotoka nikaona lango lina mabawa mawili, moja limefungwa kwa kufuli. Eti kuzuia wanaotaka kuingia bure! Mechi imeisha, nani tena anaingia bure? Mwenye ufunguo hakujulikana aliko.

Fundi Mchundo:
Pole sana dada. Kufuli hiyo ina historia. Uwanja wa Bradford, Uingereza, mwaka 1985, moto ulishika jukwaa la mbao lililokuwa na takataka za miaka chini yake. Waliokimbilia nyuma walikuta mageti yamefungwa. Walikufa watu 56. Na sheria ya usalama wa viwanja ilikuwepo tangu 1975, baada ya watu 66 kufa kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox, Scotland, mwaka 1971. Ila masharti yake ya cheti hayakuwa yamefika kwa timu za daraja la tatu, na Bradford siku ile walikuwa wanakabidhiwa kombe la daraja hilo hilo.

Kizibao cha Njano:
Mie ni msimamizi wa mashabiki. Siku moja foleni nje ilikuwa ndefu na muda wa mpira umefika. Mkubwa wetu akachelewesha mechi dakika 20. Tulitukanwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini watu waliingia wanatembea. Uwanja wa Hillsborough, Uingereza, 1989 mechi haikucheleweshwa: geti kubwa likafunguliwa kupunguza msongamano wa nje, na hakuna aliyeziba njia ya kwenda kwenye vizimba (sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio) vilivyokwisha kujaa. Vifo 97.

Mweka Hazina:
Niseme upande wa pili, mtanisamehe. Klabu yetu ni ya kujitolea. Mkaguzi alikuja akatushusha kutoka watu 3,000 hadi 900 kwa sababu ya vyuma vya kushikilia na njia moja ya kutokea. Viingilio vikaanguka, mkopo wa kuchomelea vyuma bado tunalipa. Serikali inaandika masharti, hela haileti. Vyuma vya zamani vilikuwa vimeoza kweli, nilivitikisa kwa mkono. Lakini bado nina hasira.

Kizibao cha Njano:
Hasira yako ina haki, mkuu. Mimi yangu ni kwa mabomu ya machozi. FIFA wenyewe wanayakataza uwanjani. Accra, Ghana, 2001 yalipigwa, wakafa 126. Uwanja wa Kanjuruhan, Indonesia, 2022 yakapigwa tena, wakafa 135. Moshi unamkimbiza mtu mlangoni, na mlango ndio huo wa Mama Pacha.

Mama Pacha:
Nauliza tu, kwenye viwanja vyenu nani ana mamlaka ya kusema "mechi isichezwe"?

Fundi Mchundo:
Swali zuri. Mimi naweza kunyima cheti, lakini siku ya mechi sipo.

Kizibao cha Njano:
Kwetu kwenye karatasi ni ofisa usalama, na nikikaimu ni mimi. Redio ya kuongea na mwamuzi sijawahi kupewa.

Mweka Hazina:
Kwetu ni mimi. Ndimi pia ninayeuza tiketi.