Daraja la Kinshasa–Brazzaville: mikataba tumeiona, nguzo ziko wapi?

Wakuu, leo sina maneno matamu. Miji mikuu miwili, Kinshasa ya DRC na Brazzaville ya Kongo, inatazamana kuvuka Mto Kongo. Ukiwa Gombe, mtaa wa Kinshasa ulio ukingoni mwa mto, maghorofa ya Brazzaville unayaona kwa macho. Lakini kuvusha mzigo tu ni mateso.

Novemba 2018, kule Johannesburg, serikali zote mbili zilitia saini mbele ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Africa50, mfuko wa kuwekeza katika miundombinu. Tukaambiwa daraja la mita 1,575, kutoka Maluku upande wa Kinshasa hadi Maluku-Tréchot upande wa Brazzaville, lenye barabara, reli, njia ya waenda kwa miguu na kituo kimoja cha mpaka. Kazi ianze 2020. Miaka inakatika, na magari bado hayana pa kupita!

Nendeni bandarini asubuhi mjionee. Walemavu wamejazana na baiskeli zao za magurudumu matatu, marobota yamepangwa hadi usawa wa kichwa, vijana wanasukuma kwa nyuma. Kila meza inataka chake. Juzi robota langu la vitenge lilitumbukia majini, kijana aliyelibeba aliteleza kwenye ubao wa kupandia. Tukalivuta linachuruzika, rangi zimeingiliana, halina tena mnunuzi. Mwenye chombo kanijibu eti si shauri lake. Nani atanilipa?

Msiniambie mto huu haujengeki. Pale Matadi, chini zaidi kwenye mto huu huu, lipo daraja la mita 722 lililojengwa na Wajapani, linapitisha magari tangu 1983. Zambia na Botswana nao wamefungua la Kazungula juu ya Zambezi, mita 923, mwaka 2021. Na huko Maluku kwenyewe ni mbali na katikati ya jiji, lakini hata hilo tungelipokea kwa mikono miwili.

Najua ndugu zetu wa Kongo Central, mkoa wenye bandari ya Matadi, wanahofia mizigo itakimbilia bandari ya Pointe-Noire kule Kongo-Brazzaville, Matadi ibaki tupu. Hofu yao ina msingi, maana watoto wao wanakula kwa bandari ile. Basi bandari mpya ya Banana, huko huko Kongo Central, imalizwe haraka, na viongozi waseme hadharani kama hicho ndicho kinachokwamisha. Kunyamaza huku ni dharau kwa wananchi!

Tunataka watuambie fedha zimefikia wapi, mkandarasi ni nani, na kazi inaanza lini. Wadau mlioko Maluku, pande zote mbili: kuna hata greda moja mmeliona huko? Wekeni picha hapa.