Laser ya zamani: mbona mlingoti hauna kamba, na nikague wapi kabla ya kununua?

Kaskazi_Kilifi
Salaam wakuu. Kuna Laser, boti ndogo ya tanga moja, inauzwa huku pwani, muuzaji anasema ni ya miaka ya 1980. Ngalawa na mashua nazijua, lakini boti za faiba za mashindano ni ngeni kwangu. Mlingoti una vipande viwili na hauna kamba hata moja ya kuushikilia. Kwa nini ilibuniwa hivyo? Na ikizeeka huanza kuharibika wapi?

Joshi_Kali
Yote yalianzia kwenye paa la gari. Mwaka 1969 Ian Bruce, mbunifu wa bidhaa wa Montreal, Kanada, alimpigia simu mchoraji wa boti Bruce Kirby kumwomba mchoro wa boti ndogo ya kubebwa juu ya gari, iuzwe pamoja na vifaa vya kambi. Kirby akaichora palepale wakiongea. Mpango wa mauzo ukafa, mchoro ukabaki. Mwaka 1970 gazeti alilokuwa mhariri wake liliandaa mashindano ya boti za chini ya dola 1,000 huko Lake Geneva, Wisconsin, wakaiunda, na tanga likashonwa na Hans Fogh. Januari 1971 ilionyeshwa New York ikapata oda 144. Leo zimepita 200,000, na iliingia Olimpiki mwaka 1996.

Ndiyo maana kila kitu chake ni chepesi na kifupi: urefu mita 4.2 hivi, kiwiliwili kitupu kilo 59, mlingoti wa vipande viwili ili ubebeke. Tanga la mita za mraba 7.06 lina mfuko upande wa mbele; unauvisha mlingoti, unausimamisha kwenye tundu la sitaha, basi. Upepo ukizidi, unavuta kamba inayoshusha boriti ya tanga. Mlingoti unapinda na tanga linabapa. Kwangu hapo ndipo ustadi wa Kirby ulipo: mlingoti wenyewe ndio unaopunguza nguvu ya tanga.

Ila mzigo ambao kamba zingeubeba, wote unaliangukia lile tundu.

Fundi_Faiba
Naam, na ukaguzi uanzie hapo hapo. Jaza tundu la mlingoti maji, weka alama, ngoja dakika 15. Yakishuka, linavuja. Kisha chomeka kipande cha chini cha mlingoti, ukisukume mbele na nyuma huku mwenzako akiutazama uso wa sitaha. Sitaha ikinyanyuka au ukasikia mlio ndani, gundi iliyoshika kitako cha tundu kwenye sakafu ya boti imeachia. Ukiiendesha hivyo, siku ya upepo mkali mlingoti utalala na kuichana sitaha. Mchanga nao ni adui mkubwa: unaingia tunduni, mlingoti unausaga, kitako kinatoboka. Suuza kila mara.

Halafu pima uzito. Ikizidi kilo 59 kwa mbali, ina maji ndani, na sitaha ni faiba mbili zenye povu katikati. Povu likilowa halikauki upesi. Kagua pia mshono wa sitaha na kiwiliwili. Paka maji ya sabuni, puliza kwa mdomo kupitia tundu la kizibo cha kutolea maji, tazama mapovu. Usitumie kompresa, utaipasua mwenyewe.

Mlingotini tazama ribiti. Za chuma cha pua ndani ya alumini, zikikutana na chumvi, hula alumini pembeni mwake. Kipande cha juu hupenda kuvunjika kwenye tundu la ribiti pale vinapoungana. Mlingoti ukipinda, uso wa mbele ndio unaovutika, kwa hiyo tundu lisielekee mbele.

Kaskazi_Kilifi
Ahsanteni sana. Nikikuta kitako kimeachia, kinatengenezeka au niiache?

Fundi_Faiba
Kinatengenezeka, mradi sitaha haijachanika. Kata tundu la kipenyo cha sentimita 13 hadi 15 sitahani karibu na mlingoti, ambalo baadaye utaliwekea kifuniko cha kuzungusha. Kausha ndani kabisa, hata ikichukua wiki. Piga msasa mpaka faiba safi itokee. Jaza ipoksi iliyokorezwa kuzunguka kitako, kisha laza kitambaa cha faiba tabaka nne au tano, kila moja pana kuliko iliyotangulia. Usitumie resini ya poliesta: haishiki vizuri kwenye faiba kuukuu, itaachia tena.

Joshi_Kali
Nyongeza mbili. Chini ya mkanda wa miguu, mbele ya sehemu ya kukalia, kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Watu hukiziba wakidhani ni uvujaji. Boti ikianikwa juani hewa inatanuka, na isipopata pa kutokea mshono unafunguka. Kiache wazi, na ukiiweka nchi kavu toa kizibo.

Pili, ukitafuta vipuri andika ILCA, jina linalotumika tangu 2019. Nambari 7, 6 na 4 zinazofuata jina hilo hutofautiana tanga na kipande cha chini cha mlingoti. Kiwiliwili ni kilekile. Kama wewe ni mwepesi, tafuta tanga la ILCA 6 lenye mita za mraba 5.76, pamoja na kipande chake cha chini.