Uso mweupe wa Malkia Elizabeth wa Kwanza: ni wake au ni wa wachoraji?

Swali, kutoka Temeke

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nampenda mno Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603, tangu nilipomwona Cate Blanchett akimwigiza katika filamu ya 1998, hasa pale mwishoni anapojitokeza mbele ya watu akiwa amekatwa nywele na kupakwa uso mweupe kama chokaa. Michoro yake nayo inamwonyesha mweupe vivyo hivyo. Je, ndivyo alivyokuwa?

Jibu la kwanza, kutoka Upanga

Marahaba, mdogo wangu. Sehemu ya weupe huo ni kuchujuka kwa rangi. Picha yake ya takriban 1575, iitwayo Darnley, imehifadhiwa National Portrait Gallery jijini London, na wataalamu walioichunguza walibaini kwamba wekundu wa mashavuni umefifia kwa umri, kwa hiyo hapo awali alionekana mwenye damu zaidi usoni. Uso wa picha hiyo ulinakiliwa na wachoraji wengine kwa miaka mingi bila malkia kukaa mbele yao.

Ninayoipenda kuliko zote iko Hatfield House, nayo ni ya takriban 1600, alipokaribia miaka 67, ilhali amechorwa kama msichana. Tazama joho lake: limetapakaa macho na masikio, kana kwamba hakuna neno nchini lisilomfikia. Sisi tuliolelewa na kanga tunaielewa haraka nguo inayosema huku mvaaji amefunga kinywa.

Jibu la pili, kutoka Kigamboni

Naongeza habari za baba yake, Henry wa Nane. Mwaka 1537 Hans Holbein alimchora ukutani katika kasri la Whitehall, miguu ameitanua, mabega mapana, bila taji wala fimbo ya enzi, na bado humwoni mwingine chumbani. Ukuta ule uliteketea kwa moto 1698, lakini sehemu ya mchoro wa maandalizi imesalia, na humo mfalme amegeuza uso kando kidogo, ilhali nakala za mchoro kamili zinamwonyesha akitukabili ana kwa ana. Nadhani badiliko hilo dogo ndilo lililomjengea haiba yote. Charles Laughton alisimama hivyohivyo katika filamu ya 1933, akapata tuzo ya Oscar.

Mwuliza swali

Ahsanteni sana. Nimeitafuta picha ya Hatfield na macho yale nimeyaona. Nimekutana pia na ya dada yake, Malkia Mary, iliyochorwa na Antonis Mor mwaka 1554: ameketi, ameshika waridi, midomo ameibana, na mchoraji hakumpunguzia hata mwaka mmoja. Filamu nilizotazama zilinifundisha kumwogopa, lakini usiku huu nimemtazama muda mrefu nikamhurumia.