Forester ya turbo: taa ya injini haizimi, fundi anasema ni oksijeni sensa

Chuma Tegeta:
Wakuu habari za humu. Nina Forester ya turbo, taa ya injini imewaka haizimi na gari inakunywa mafuta balaa, nikitoka Tegeta mpaka Posta na ile foleni ya Bagamoyo mshale unashuka naona kwa macho, na harufu ya petroli huku nyuma si ya kawaida. Fundi kapima na mashine ikaleta kodi (namba ya hitilafu) P0171, akasema oksijeni sensa ya mbele imekufa nikatafute ya mtumba Gerezani. Plagi nimezifungua zina masizi meusi tii. Kabla sijatoa hela, nitajuaje kweli ni sensa?

Fundi Waya:
Mkuu tulia usinunue kwanza. P0171 haisemi sensa imekufa, inasema kompyuta inaona hewa nyingi mafuta kidogo, ikaongeza mafuta mpaka ikafika mwisho wa uwezo wake. Hita ya sensa ingekuwa imekata ungeletewa kodi nyingine, mfano P0031. Sasa hizo plagi ndo zinanipa mashaka, maana kama hewa kweli ingezidi ndani ya silinda, kompyuta ikisharekebisha plagi zinabaki na rangi yake ya kawaida, zako ni nyeusi, kwahiyo injini imeshashiba mafuta na kuna kitu kinaidanganya kompyuta. Kwenye Subaru nyingi za turbo sensa ya mbele iko kwenye manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi toka kwenye injini) kabla ya turbo, gasketi ya pale ikivuja hata kidogo gari ikiwa imesimama inaunguruma, eksozi inavuta hewa ya nje kupitia hapo hapo, sensa inaikuta oksijeni inaripoti mafuta hayatoshi. Mwambie akusomee fueli trimu (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) injini ikiwa ya moto, ikiwa kama +20 gari imesimama halafu inashuka ukipandisha mzunguko wa injini (rpm) mpaka 2500, tafuta panapovuja.

Dada wa Gereji:
Naongezea, fundi asije akakwambia volti hazichezi kati ya 0.1 na 0.9 kwahiyo imekufa. Hizo ni namba za ile sensa ya nyuma, ya mbele ni A/F, yaani inayopima uwiano wa hewa na mafuta, haichezi hivyo. Ijaribu hivi, injini ya moto, kanyaga mafuta ghafla uachie huku unaangalia mashine, ukikanyaga ioneshe mafuta mengi, ukiachia ioneshe hewa tupu papo hapo. Ikijivuta au ikiganda sehemu moja, hapo sawa tuilaumu.

Kimara Boy:
Mimi ningeanza na mabomba ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), klipu zake hulegea sana

Fundi Waya:
@Kimara Boy ya intakula ikivuja inatoa nje hewa ambayo MAF (sensa inayopima hewa inayoingia) imeshaihesabu, gari inazidi mafuta na kutoa moshi mweusi ukikanyaga, kwa kawaida haileti P0171. Bomba la kati ya MAF na turbo likipasuka ndo linaleta, ila plagi zisingekuwa nyeusi hivyo.

Chuma Tegeta:
Wakuu nimerudi, asanteni sana aisee. Sensa ilipojaribiwa ikajibu fasta kabisa. Gari ikiwa imezimwa na imepoa fundi kapuliza hewa ya bloa kwenye bomba la eksozi huku nyuma, akamwagia maji ya sabuni kwenye maungio, upande wa dereva pale manifoldi inapoungana na hedi ya injini povu likatoka la kutosha, na ukichungulia na tochi kuna mstari mweusi kama pamepakwa mkaa. Anataka kupaka silikoni, ni sawa?

Fundi Waya:
Silikoni hapana kabisa mkuu! Mvuke wake unaenda moja kwa moja kwenye sensa na ndo utaiua kweli. Weka gasketi mpya ya chuma, nati zilizoliwa badilisha, futa kodi pamoja na trimu ambazo kompyuta imejifunza, tembelea siku chache kisha usome tena. Trimu ikikaa karibu na sifuri sensa yako nzima. Ikibaki juu na povu hakuna popote, hapo ndo ununue, na ununue mpya, ya mtumba hujui imeshapigwa na moshi wa oili kiasi gani kwenye gari iliyotoka.